Hilux 22R: kelele ya cheni asubuhi, kava la mbele lililoliwa, na jinsi tulivyofunga taimingi upya

Viazi_Matamba (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu, na wakubwa zangu shikamooni. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Yaliyonikuta nisingependa yamkute mwingine, na huku Nyanda za Juu najua gari za aina hii bado zipo barabarani zinabeba viazi, mbao na mbolea.

Gari ni Hilux pikapu ya magurudumu manne, injini 22R ya petroli, kabureta, silinda 4, cc 2366. Injini naitaja kwa makusudi. Hilux nyingi za umri huu kwetu ni dizeli, 2L, 3L au 5L, na hizo hazina cheni ya taimingi (inayounganisha kranki ya chini na kamshafti ya juu inayofungua valvu), zina mkanda. Wenye nazo mnaijua ile taa ya T-BELT inayowaka kwenye dashibodi ikifika kilomita 100,000. Hii ya kwangu haina taa yoyote. Inasema kwa mdomo wake, na mimi sikuisikiliza.

Inasema hivi. Mwezi wa sita na wa saba Matamba, huku Makete, asubuhi unakuta barafu imekaa juu ya majani ya viazi. Unapiga stata, gari inawaka, halafu kwa sekunde mbili tatu mbele ya injini kunalia kama mtu anatikisa kopo lenye misumari. Kisha kimya. Mchana ukizima na kuwasha injini ikiwa ya moto husikii kitu. Nilijiambia ni tapeti, yaani nafasi za valvu zimelegea. Zilipogeuka sekunde kumi nikampelekea fundi mmoja (simtaji), akaniambia cheni imelegea, akaweka cheni mpya. Cheni tu. Zile reli za plastiki ambazo cheni inatelezea aliziacha za zamani, akasema bado zina uhai.

Miezi sita baadaye nimepakia gunia za viazi nashuka Hamsini na Saba kuja Chimala. Wanaoijua ile barabara wanajua, kona 57 moja baada ya nyingine na huna mahali pa kusimama kwa raha. Kama kona ya thelathini hivi nikaona mshale wa joto umeanza kupanda. Nikafika chini Chimala nikafungua boneti, nikavuta kijiti cha oili: oili imekuwa chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Nikazima hapohapo. Gari ikaja Uyole ikiwa inavutwa.

Naendelea chini na jinsi tulivyofungua, ila kama kuna mtu amepitia hili aseme.

Kijana_Igawilo

Pole sana kaka. Ila chai ya maziwa kwenye oili si hedi gasketi hiyo, ile ya kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku? Cheni inaingiaje hapo?

Viazi_Matamba

Ndugu yangu, kila aliyesimama Chimala aliniambia hivyohivyo. Hedi gasketi, hedi imepinda, peleka kuchongwa. Ningewasikiliza ningechonga hedi, ningeweka gasketi mpya, na maji yangerudi kwenye oili siku ileile. Ngoja nimwite mzee wangu aliyesimamia kazi hii, anaeleza kuliko mimi.

Fundi_Mwanjelwa

Marahaba wanangu. Nimefanya kazi ya petroli za Toyota miaka mingi na hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kwenye 22R kava la mbele lililofunika cheni si kifuniko cha kuzuia vumbi tu. Wota pampu imefungwa juu ya kava hilo, na nyuma ya pampu, ndani ya kava, kuna njia ya maji. Kwa hiyo ukuta mmoja wa aluminiamu umetenganisha maji na mahali cheni inapokimbia. Ukuta huo si mnene.

Sasa cheni. Inapokimbia ina upande unaovutwa na upande uliolegea. Upande uliolegea ndio wenye tenshena (kifaa cha kuikaza cheni), nayo inasukumwa na presha ya oili. Upande unaovutwa, yaani wa kushoto ukiwa umekaa kwenye usukani, kuna reli iliyonyooka ya plastiki. Gari ikilala, oili inashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na tenshena inabaki bila nguvu. Asubuhi unapowasha, kabla presha haijafika, cheni inapigapiga ile reli. Plastiki ikizeeka inakuwa ngumu kama kucha, inapasuka, inaanguka. Ikishaanguka, hakuna kitu kati ya cheni na kava. Cheni ni chuma, kava ni aluminiamu. Inachonga mfereji kila siku, mpaka inatoboa kwenye njia ya maji.

Ndiyo maana kijana wangu kukuta chai ya maziwa kwenye injini hii usikimbilie hedi. Fungua kava la valvu juu, chukua tochi, mulika chini mbele ya gia ya kamshafti. Kichwa cha reli ya kushoto kinaonekana kwa macho. Kama hakipo, umeshapata ugonjwa wako kwa robo saa, hujalegeza bolti hata moja ya hedi.

Injini za 22R za mwanzo, mpaka 1982, zilikuwa na cheni ya safu mbili na reli zilizoshikwa na chuma. Kuanzia 1983 wakaweka cheni ya safu moja na reli za plastiki. Cheni ya safu moja si mbaya. Reli ndizo zinazoondoka.

Mama_Lori_Makambako

Shikamoo mzee. Ahsante kwa maelezo. Naomba kuuliza, nikienda dukani nikasema naomba cheni ya 22R ndio basi? Maana mwaka jana nililetewa kit na basi kutoka Kariakoo, fundi alipofungua akasema si yenyewe, hela ikalala.

Fundi_Mwanjelwa

Marahaba mama. Usiseme 22R peke yake. Fungua kwanza, uone ni safu moja au safu mbili, upeleke cheni ya zamani mkononi. Safu mbili na safu moja havichanganyiki, gia zake tofauti, na kava lake tofauti. Na usinunue cheni peke yake hata kama mfuko haujajaa: cheni, gia ya juu, gia ya chini, tenshena, reli mbili. Reli zitafute zilizo na mgongo wa chuma, zipo, plastiki imepakwa juu ya bati. Hizo hata plastiki ikiisha haziondoki mahali pake. Mtu akikupa kit yenye reli za plastiki tupu, mrudishie reli, ubaki na vingine.

Gia za zamani mnaziacha kwa sababu meno yanaonekana mazima. Jino lililoliwa na cheni ya zamani litaila cheni mpya. Nimemaliza hapo.

Viazi_Matamba

Sasa kufungua. Tulikuwa watatu: mzee, mdogo wangu ambaye ndiyo kwanza anajifunza, na mimi wa kushika tochi. Tuliianza Ijumaa mchana, ikamalizika Jumatatu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kusubiri kava.

Kabla ya spana yoyote, mzee aliagiza tuiweke injini kwenye topu ya silinda namba moja, yaani pistoni yake iwe juu kabisa valvu zikiwa zimefunga. Soketi kwenye bolti ya puli ya kranki, unazungusha kwa mwelekeo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari, usirudishe nyuma. Alama ya puli ikifika sifuri bado hujamaliza, kwa sababu kranki inafika hapo mara mbili kabla kamshafti haijamaliza mzunguko mmoja. Unashika roka (mikono inayosukuma valvu) za silinda ya kwanza: zote mbili zikicheza, valvu zimefunga, hiyo ndiyo topu yenyewe. Zikibana, zungusha tena mzima. Tukaweka alama ya kalamu mahali rota ya distributa inapoangalia, tukaitoa distributa, kwa sababu kwenye injini hii inaendeshwa na gia iliyofungwa mbele ya kamshafti na haiwezi kubaki.

Maji yakamwagwa rejeta na kwenye bloku pia. Rejeta nje, feni nje, mikanda nje. Bolti ya puli ya kranki ilitupiga: soketi, bomba refu la kuongezea nguvu, gari imewekwa gia ya nne na mdogo wangu amekanyaga breki. Ililia kama bunduki ilipoachia.

Halafu bolti ya siri. Wakuu, hii naomba muisome mara mbili. Ukishatoa gia ya juu, mbele ya hedi kuna kishimo kimejaa oili. Ndani ya oili hiyo kuna bolti inayoingia kutoka juu kwenye kava la mbele. Haionekani. Watu wanatoa bolti zote za kava, halitoki, wanaanza kuligonga na nyundo na bisibisi mpaka linapasuka sikio. Fyonza oili na kitambaa, utaiona imekaa.

Bolti za kava zina urefu tofauti. Mdogo wangu alichora kava kwenye boksi la biskuti na kuchomeka kila bolti mahali pake. Nilifikiri ni utoto. Siku ya kufunga ndiyo nikaona thamani yake, maana bolti ndefu ukiiingiza kwenye tundu la fupi unapasua.

Kava likatoka. Upande wa kushoto reli haipo. Kuna mfereji umechongwa kwenye kava unaingia kidole, na mwisho wake tundu dogo kama la sindano ya gunia, na nyuma ya tundu hilo ni maji. Ile cheni iliyowekwa miezi sita iliyopita ilikuwa inang'aa bado. Ndiyo iliyomaliza kazi, kwa sababu ilikimbia bila reli.

Dereva_Kitonga

Kamwene wote. Mimi wa Ilula. Nina swali moja la kazi: hedi mliitoa? Maana fundi wa kwangu anasema cheni inabadilishwa bila kugusa hedi wala sampo, nusu siku kazi imekwisha.

Fundi_Mwanjelwa

Kamwene mwanangu. Inawezekana, na mimi nimeshafanya hivyo kwa mtu ambaye gari yake haikuchemsha wala oili haikuingia maji. Hedi inakaa juu ya bloku na mbele kidogo inakaa juu ya kava. Kwa chini kava linakaa juu ya mdomo wa sampo, kuna bolti mbili zinazopanda kutoka sampo kuingia kwenye kava. Ukiwa na mkono mtulivu unalegeza sampo kidogo, unalitoa kava kwa kulitelezesha bila kuchana gasketi ya hedi, na wakati wa kurudisha unasafisha kabisa na kupaka silikoni kwenye kona zote nne. Ukichana gasketi, umejitafutia hedi.

Lakini jiulize reli iliyovunjika imeenda wapi. Haikuyeyuka. Ipo kwenye sampo, na kwenye sampo kuna chujio la pampu ya oili. Hii ya kijana wa Matamba tulitoa sampo. Kwa kuwa ni magurudumu manne tuliinua mwili kwa jeki mpaka ekseli ya mbele ikaning'inia chini, sampo ikapata pa kupita. Kwenye chujio kulikuwa na vipande vya plastiki nusu ya uso wake. Injini ilikuwa inavuta oili kwa pua moja. Halafu wewe uweke tenshena mpya inayotegemea presha ya oili juu ya chujio lililoziba?

Na kama maji yameingia kwenye oili, lazima uzitazame beringi za kranki. Maji hayalainishi. Kwa hiyo kwa aliyeona chai ya maziwa, sampo chini, na kama ilichemsha, hedi juu ipimwe na rula ya chuma. Huyo anayekuambia nusu siku, muulize kama gari yako imeshaonyesha dalili za maji. Kama haijaonyesha, anaweza kuwa sahihi.

Viazi_Matamba

Hedi yangu ilipimwa, ilikuwa imenyooka, Mungu ni mwema. Beringi mzee alizifungua mbili, akazirudisha. Kava la zamani kuna mtu alitaka kulichomea aluminiamu. Mzee akakataa, akasema uso wake ukipinda hata kidogo kwa moto utavuja pande zote. Tukanunua jingine.

Sasa kufunga taimingi, ambako ndiko nilikokuwa naogopa.

Kranki iligeuzwa mpaka ufunguo wake ukaangalia juu kabisa, saa kumi na mbili kwenye uso wa saa. Hapo pistoni ya kwanza na ya nne ziko juu. Cheni mpya ina viungo vya rangi tofauti, vinang'aa. Kiungo kimoja kipo peke yake, na upande wa pili viwili viko pamoja. Kile kimoja kinakaa kwenye alama ya gia ya chini. Gia ya juu inaingizwa kwenye cheni ili alama yake ikae katikati ya vile viwili. Basi. Ukifika hapo tenshena na reli mbili zimeshafungwa, kava linarudi, hedi inarudi, na gia ya juu inabaki inaning'inia ndani ya cheni. Tuliifunga kwa kamba ya katani isizame, kwa sababu cheni ikishuka kwenye gia ya chini ikaruka jino hutajua.

Kamshafti nayo ina pini mbele. Pini iangalie juu, saa kumi na mbili. Gia inanyanyuliwa, inakaa kwenye pini. Cheni mpya inabana, hivyo kamshafti tuliisogeza kidogo kwa spana mpaka pini ikaingia.

Nguvu za kukaza tulizifuata: bolti za hedi nyutoni mita 78, kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda nje. Bolti ya gia ya kamshafti 78 pia. Puli ya kranki 157. Spana ya kupimia tuliazima, na kama huna, azima, maana aluminiamu haikaziwi kwa hasira.

Kijana_Igawilo

Kaka hapo kwenye viungo vinavyong'aa mimi nilichanganyikiwa kwenye gari ya mjomba. Nilifunga vizuri, nikazungusha injini, viungo vikapotea! Nikafungua tena mara tatu.

Viazi_Matamba

Na sisi ilitukuta, ndiyo maana naiandika kwa kirefu. Viungo vinavyong'aa ni vya kufungia tu. Ukishazungusha injini vinahama, na itachukua mizunguko mingi sana kabla havijakutana tena na alama. Usiviangalie tena. Baada ya kufunga, macho yako yabaki kwenye vitu viwili: alama ya puli kwenye sifuri, na pini ya kamshafti juu kabisa.

Sisi tulifunga, mzee akaenda kuswali, mdogo wangu akataka tupige stata. Mzee alikuwa ametuachia neno moja: mizunguko miwili kwa mkono kwanza. Tukazungusha, mmoja, wa pili, puli ikaja sifuri. Pini haikuwa juu. Ilikuwa imelala kidogo upande. Tukabishana, mdogo wangu akasema ni macho tu. Mzee aliporudi akatazama mara moja, akasema jino moja.

Nikamuuliza jino moja ni kitu gani kwenye cheni ndefu vile. Akanihesabia: gia ya juu ina meno 36, ya chini 18, ndiyo maana kamshafti inazunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili. Jino moja ni digrii 10 za kamshafti, na digrii 10 za kamshafti ni digrii 20 za kranki. Valvu zinafunguka digrii 20 mahali pasipo pake. Gari ingewaka pengine, lakini ingekuwa nzito, sailensa inapiga, na mlima wa Isyonje ingeupanda kama inavuta trela. Halafu tungeanza kulaumu kabureta, tungebadilisha plagi, tungesogeza distributa mpaka mwisho wa mfereji wake.

Tulifungua gia ya juu, tukaivuta cheni, tukasogeza jino, tukafunga, tukazungusha miwili tena. Puli sifuri, pini juu. Tukazungusha miwili mingine. Palepale.

Mama_Lori_Makambako

Hapo pa digrii 20 umenifungua macho. Mimi gari yangu tangu itoke gereji haina nguvu, nimeshabadilisha kabureta mbili. Mbili baba!

Fundi_Mwanjelwa

Mama usinunue ya tatu. Fungua kava la valvu, peleka puli sifuri, tazama pini. Dakika ishirini.

Na kwa wote: distributa mkiirudisha, hakikisheni ni topu ya mgandamizo ya namba moja, roka zinacheza. Mkiirudisha kwenye topu ile nyingine cheche itakuja wakati valvu ya kutolea iko wazi, gari itapiga tu mabomu kwenye kabureta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Mwisho unaweka taimingi ya cheche kwa tochi yake, kwa digrii zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti ya gari lako, si za gari la jirani.

Tapeti zinawekwa injini ikiwa ya moto: valvu za kuingizia milimita 0.20, za kutolea milimita 0.30. Ukiwa topu ya namba moja unaweka za kuingizia za silinda 1 na 2, na za kutolea za 1 na 3. Zungusha kranki mara moja kamili, unaweka zilizobaki.

Dereva_Kitonga

Mzee naomba na hili. Mtu akitaka kujua cheni yake imerefuka anapimaje? Kwa macho cheni zote naziona sawa.

Fundi_Mwanjelwa

Kwa vernia, kile kipimo cha milimita chenye taya. Ivute cheni inyooke, hesabu viungo 17, pima kati ya viringisho viwili vya mwisho, ndani kwa ndani. Ikizidi milimita 147.0 imekwisha. Pima sehemu tatu, kwa sababu hairefuki sawasawa. Lakini mwanangu, ukishafika mahali cheni iko mkononi mwako, rejeta nje na kava nje, usirudishe ya zamani kwa sababu imepimwa 146 na nusu.

Mwl_Tukuyu

Mugonile bakaaja. Samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada. Nina IST, asubuhi inalia mbele kidogo, na taa ya injini imewaka. Nayo ina cheni?

Kijana_Igawilo

Mwalimu, IST zote zina cheni, iwe 2NZ, 1NZ au 2ZR. Ile ina VVT-i, kamshafti ya kuingizia inasogezwa kwa oili, kwa hiyo oili chafu inaiumiza mara mbili. Peleka isomwe kwa mashine. Ikitoka P0016 maana yake kranki na kamshafti hazielewani, usiendelee kuipeleka Mbeya na kurudi. Ila kazi yake ni tofauti na hii ya uzi, usimruhusu mtu aifungue kwa maelezo ya 22R.

Viazi_Matamba

Ahsante mdogo wangu, umemjibu vizuri.

Nimalizie kuwasha. Pampu ya oili kwenye 22R iko mbele, inazungushwa na kranki, na tulikuwa tumeifungua tubadilishe sili ya kranki. Pampu kavu haivuti. Mzee aliipakia oili nzito kwenye gia zake kabla ya kuifunga. Oili mpya kama lita 4.3 na filta. Waya wa koili ukatolewa ili isiwake, tukapiga stata kwa vipindi, tukipumzisha, mpaka geji ya oili ikanyanyuka. Hapo ndipo waya ukarudi. Ikawaka kwa mara ya kwanza. Dakika kumi tukaimwaga oili ile yote pamoja na filta, kwa sababu masalia ya chai ya maziwa hayatoki kwa kitambaa. Tukaweka nyingine. Baada ya kilomita 500 nikamwaga tena. Mtaona ni gharama, lakini linganisha na kranki.

Dereva_Kitonga

Na oili gani? Huku kwetu wengi tunaweka SAE 40 tupu, ya pipa.

Fundi_Mwanjelwa

Hapo ndipo pananiuma. Oili yenye namba moja tu, SAE 40, Dar es Salaam inakwenda. Makete mwezi wa saba asubuhi, imekuwa asali. Inachelewa kufika kwenye tenshena, na kila sekunde inayochelewa cheni inapiga reli. Ugonjwa wote wa uzi huu unazaliwa katika sekunde hizo. Weka 10W-40 au 15W-40, uone kelele ya asubuhi inavyofupika. Na filta: nunua yenye mpira ndani unaozuia oili isirudi chini gari ikilala. Ukiitazama kwenye matundu yake utauona. Zile za bei ya chini hazina, na gari linaamka kavu kila siku.

Na ukiwasha, subiri geji ya oili inyanyuke ndipo ukanyage. Vijana wanawasha na mguu uko chini tayari.

Mama_Lori_Makambako

Nimerudi. Jumamosi tumefungua kava la valvu, puli sifuri, pini imelala. Jino moja kama mlivyosema. Fundi wangu amekaa kimya muda mrefu akiitazama, halafu akasema mama nisamehe. Nimemwambia yaishe, ila mizunguko miwili kwa mkono azungushe mbele yangu. Nimepanda nayo Njombe jana na mbolea gunia ishirini, gia ya tatu mahali nilikokuwa naweka ya pili. Mungu awabariki.

Viazi_Matamba

Mama nimefurahi mno. Ndaga fijo kwa kurudi kutuambia.

Kijana_Igawilo

Wakuu, na mimi nimemulika ya mjomba leo jioni. Haijawahi kuchemsha, oili safi, inalia sekunde tatu tu asubuhi. Reli ya kulia ipo. Ya kushoto imepasuka katikati, kipande cha juu kimeegemea kwenye cheni. Nimemwambia mjomba asiiwashe tena. Kesho naingia Mwanjelwa kutafuta reli zenye chuma. Mzee shikamoo, naomba nipitie kwako saa nne.

Fundi_Mwanjelwa

Marahaba. Njoo saa tatu, saa nne kuna gari nyingine inaingia. Na ile bolti ya kwenye kishimo cha oili usiifungue mpaka nifike.